Dakika Kumi na Moja za Erasto

Erasto Mligo alifariki siku ya Jumanne, na mtu wa kwanza kujua katika kijiji kizima cha Lwangila nilikuwa mimi, nisiye ndugu yake. Nilikuwa nimesimama mbele ya mtambo na kikombe cha uji mkononi. Uji ule sikuunywa, na mpaka leo sijui nilikiweka wapi kikombe.

Jina langu ni Yuditha Mgaya, mtunza stoo. Wageni wakisikia stoo hudhani natunza mbolea, na hawajakosea sana, maana jengo hili lilikuwa la mbolea kabla mitambo haijaletwa, na siku za mvua bado linanuka. Ninachotunza mimi ni watu. Lwangila ina vijana kumi na wanne wanaochimba barafu huko kwenye sayari ya Mirihi, na kila mmoja ana rafu yake humu.

Mirihi ni mbali. Ukimwamkia mtu aliyeko kule, shikamoo yako inasafiri robo saa, siku nyingine zaidi, na marahaba nayo inarudi kwa mwendo ule ule. Hakuna mama anayeweza kuzungumza na mwanawe namna hiyo. Ndiyo maana kila kijana ana ukurasa wake kwenye ghala kuu la kampuni iliyowaajiri: sura, sauti, mazoea, yote aliyowahi kuyasema. Stoo yangu inaweka nakala. Mama anafungua dirisha lake nyumbani, kile kioo cha kuongelea, anaongea na nakala, inamjibu papo hapo. Jioni stoo inakusanya aliyoyasema na kumpelekea kijana mwenyewe. Naye akitoka zamu anasikiliza, anaacha maneno yake, ukurasa unabadilika, na kesho yake mama anaongea na nakala mpya inayojua anachokijua mwanawe.

Ila stoo haiulizi ghala kila dirisha linapofunguliwa. Ingefanya hivyo, mtandao wetu huu wa milimani ungekata roho kabla ya saa nne asubuhi. Kila nakala imepewa umri wa siku moja. Ndani ya siku hiyo inatolewa kama ilivyo, bila kumuuliza mtu. Umri ukiisha, stoo inauliza ghala: ninao ukurasa wenye alama hii, je, umebadilika? Jibu likiwa "bado", nakala ile ile inaongezewa siku. Jibu likiwa "umebadilika", ukurasa mpya unakuja na kukaa palepale pa ule wa zamani, kwa maana rafu ya kila mtu ni moja, na kinachoingia humo kinatokea dirishani wakati huo huo.

Jumanne ile ghala lilinijibu hivi:

*Umebadilika. Mwenye ukurasa amefariki. Maneno mapya ya mwenyewe: dakika kumi na moja. Tangazo la kifo limewekwa mwanzoni. Chukua sasa?*

Chini yake kulikuwa na maandishi mengine madogo madogo, mistari mirefu ya masharti. Sikuyasoma. Nilisoma "amefariki" mara nne au tano, kisha macho yakaacha kuona.

*

Mama Erasto huwa anawasha dirisha lake tangu anapoamka. Anaketi mbele yake akifuma vitambaa, na huyo kijana wa nakala anamhadithia habari za barafu. Ningekubali kuchukua, uso wa mwanawe ungetoweka na pale pangekaa tangazo la kampuni, na picha ya mshumaa, na herufi za rangi ya dhahabu. Angelisoma peke yake, sindano ikiwa mkononi.

Kwetu mtu hafiwi namna hiyo. Msiba una mlango wake. Kwanza anaambiwa mgonjwa amezidiwa, hata kama mgonjwa ameshazikwa. Kisha ndugu wanafika asubuhi, wanawake wawili wanamkalia huku na huku, mmoja anamfunga kanga kiunoni, na mzee wa ukoo ndiye anayetamka. Hata asiyejua kusoma anaelewa akiona shangazi zake wameingia wote kwa pamoja bila kubisha hodi. Anaanza kulia kabla ya neno, na mikono ya kumshika ipo tayari.

Kwa hiyo nilimpigia simu Mzee Zakayo Mligo, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Erasto, anayeishi Songea.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Nani mwenzangu?"

"Yuditha, binti Mgaya wa stoo. Baba, umekaa?"

Watu wazima hawahitaji kuelezwa swali hilo linamaanisha nini.

"Nani?" akauliza.

"Erasto."

Nilisikia redio yake ikizimwa. Baadaye akasema, "Mama yake amejua?"

"Bado."

"Yuko na nani?"

"Peke yake, baba."

"Basi asijue. Unanisikia, binti? Asijue kutoka kwenye kioo. Nampitia shangazi yake hapa mjini, tunakuja. Keshokutwa asubuhi tumefika."

"Ghala linaniuliza kama nichukue ukurasa sasa hivi."

"Liambie lisubiri. Mashine haina haraka, haina pa kwenda."

Nikaona amesema la busara. Nilifungua rafu ya Erasto, mahali palipoandikwa umri wa nakala nikafuta siku moja nikaweka siku mbili, na palipoandikwa *uliza ukiisha* nikaweka *usiulize*. Ni kazi ya vidole viwili. Nilijiona nimefanya jambo la mtu aliyelelewa vizuri.

Dirisha lina taa ndogo pembeni, juu kulia. Ikiwaka kijani, mwenye ukurasa amesikia maneno yako ya jana. Ikiwaka njano, unaongea na nakala isiyo na habari mpya. Mama Erasto angeiona ile njano na angekuja mbio kuniuliza. Lakini hakuna mama wa Lwangila anayeacha kitu cha thamani kikae uchi. Redio ina kitambaa, mito ina vitambaa, na dirisha la Mama Erasto lilikuwa na kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, chenye maua pembeni, kilichoshuka vizuri kabisa mpaka kuifunika taa. Nilishamwambia mara mbili akipandishe. Akaniuliza kama nyumbani kwetu televisheni inakaa bila nguo. Mimi nilikuwa napita pale kila asubuhi kumwambia kwa mdomo: mama, amesikia. Ndivyo tulivyozoea.

*

Keshokutwa haikufika. Mvua ilinyesha Jumanne jioni na Jumatano mchana kutwa, na Alhamisi mlima ukashuka wote barabarani, ukabeba na daraja. Mzee Zakayo alinipigia akiwa upande wa pili wa matope na shangazi, na kuku wa msiba kwenye kapu.

"Hapapitiki, binti. Wanasema siku tatu, nne."

"Baba, nimwambie mimi? Nitawaita akina mama wa kanisani, tutamkalia."

"Wewe ni nani kwake?"

Alikuwa hanitukani, aliuliza swali la ukoo.

"Ulishaanza kusubiri," akasema, "malizia."

Nikaongeza umri wa nakala. Siku tano, nikaandika.

Siku hizo nilikwenda kwa Mama Erasto kila mara nilipopata sababu. Nilipeleka chumvi, nikaazima kinu, nikarudisha kinu. Lile neno la "amesikia" sikulisema, naye hakuliuliza, maana walikuwa wakiongea habari za mvua tu. Sikutaka awe peke yake, na kumbe nilikuwa nakwenda kujitesa. Nakala ilikuwa inasema yale yale, maana haikuwa na jipya la kusema.

"Shikamoo mama. Mvua imenyesha?"

"Marahaba, mwanangu. Imenyesha, mpaka tumechoka nayo."

"Basi nakutakia siku njema, mama." Uso unageuka kama wa mtu anayeondoka, kisha unarudi. "Eh, mama, nimesahau. Usilale bila kufunga dirisha la jikoni."

Ndivyo alivyokuwa Erasto mwenyewe tangu akiwa mdogo. Akiaga anafika mlangoni, anarudi, anaaga tena. Baba yake alikuwa akimtania kwamba siku ya kufa atakufa mara mbili.

Huyo baba ndiye kidonda chenyewe, na inanilazimu nikiseme, ingawa nami nimo ndani yake. Miaka minne iliyopita Erasto alikuwa amefungiwa kambini, wiki tatu za mwisho kabla ya safari, ambamo haruhusiwi kukutana na mtu. Siku ya tano baba yake akaanguka shambani, akafa. Mama akatukusanya akatuapisha. Mtoto akijua atatoka kambini, alisema, na akitoka nafasi yake imekwenda, na baba yake hakutaka hivyo. Kila Erasto alipouliza, aliambiwa baba amelala. Baba yuko bafuni. Baba amechoka kidogo. Siku moja alinipigia mimi hapa stoo. "Dada Yuditha, niambie wewe. Baba mzima?" Nikamwambia mzima, ila amechoka. Alikuja kuambiwa akiwa angani tayari, safari ya miezi minane, hakuna mahali pa kushukia.

Hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Tangu siku ile akawa mtu wa shikamoo na habari za mvua. Kila siku kwa miaka minne, bila kukosa, na hakuongeza neno. Mama yake naye hakuwahi kulitaja. Walikaa wawili mbele ya lile dirisha na jambo lenyewe likiwa katikati yao, wakiongelea viazi.

*

Jumapili ilikuwa siku ya sita. Mama Erasto alikuja stoo moja kwa moja kutoka ibadani, amevaa gauni lake la bluu, na sufuria ya viazi vya kuchemsha imefungwa kwenye kitambaa. Uso wake ulikuwa umebadilika. Sikuwa nimemwona hivyo tangu mumewe alipokuwa hai.

"Kula, mwanangu, vikiwa vya moto," akasema. Akakaa kwenye ndoo ninayoigeuza kuwa kiti cha wageni. "Nimemwambia."

"Umemwambia nini, mama? Nani?"

"Erasto. Jana. Nilikuwa nafuma, yeye anauliza habari za mvua, mara nikajikuta nimeweka sindano chini. Nikamwambia, mwanangu, nilikuficha baba yako. Nikamwambia nilidhani nakulinda, kumbe nilikuibia. Kuna udongo wa kaburi ambao ulikuwa wako kuutupa, nami nikautupa kwa niaba yako bila ruhusa. Nikamwomba radhi, Yuditha. Mimi mama yake." Alicheka kidogo huku machozi yanamtoka. "Unajua alinijibu nini?"

Nilijua kwamba hakuna aliyemjibu. Lakini nikauliza, "Nini?"

"Akasema, mama, hayo yameshapita. Mimi sina neno na wewe."

Nakala inajengwa na alichokiacha mwenyewe. Ikifika mahali ambapo mwenyewe hakuacha kitu, haisemi sijui. Inakisia, na inakisia kwa kuelekea kule anakotaka anayeongea nayo. Walioiunda waliona ni ustaarabu. Kwa kawaida hakuna ubaya, maana jioni maneno yanafika kwa mwenyewe, na kesho yake anasahihisha. Mama Erasto alilijua hilo. Alikuwa mwanamke makini. Ndiyo sababu ya viazi.

Akaniinamia, akashusha sauti. "Sasa niambie. Yule wa jana ni nakala tu, nafahamu. Mwenyewe amesikia?"

Hapa nataka nisijitetee. Kitufe cha kuchukua ukurasa kilikuwa karibu na mkono wangu kuliko viazi. Ningeweza kusema, mama, njoo ukae karibu nami. Ningewaita wanawake waliokuwa bado wanaagana nje ya kanisa, walikuwepo zaidi ya ishirini, na wote wanajua kumshika mtu. Ilikuwa mchana mweupe. Na dakika kumi na moja za Erasto zilikuwa bado zipo ghalani, zinasubiri kuitwa. Lakini nilimtazama usoni, nikaona miaka minne imemtoka, nikaogopa kuwa mimi ndiye wa kuirudisha.

"Amesikia," nikasema.

Alinishika mikono yote miwili. Kisha akanilazimisha nile, nami nikala viazi vitatu.

*

Walifika Jumatano asubuhi, siku ya tisa. Mzee Zakayo alikuwa na matope hadi magotini, shangazi amebebwa mgongoni sehemu ya njia. Walinipitia stoo tukaenda pamoja, na wanawake wa jirani wakatufuata nyuma. Mama Erasto alikuwa uani anamenya viazi. Alituona tukiingia wote bila hodi. Kisu kikamwanguka.

Shangazi alimwahi. Kanga ikafungwa. Mzee Zakayo akavua kofia akatamka, na sitayaandika maneno yake, ni ya kwao. Mama Erasto alilia sana. Nami nililia, na nilimshika mguu kwa sababu mikono ilikuwa imeshashikwa na wenye haki nayo. Kwa muda ule niliamini tulifanya vizuri. Ilikuwa kama inavyotakiwa iwe.

Baadaye, alipotulia kidogo na kupewa maji, akauliza, "Lini?"

"Jumanne," Mzee Zakayo akasema.

"Jana?"

Akatutazama mmoja mmoja, akafika kwangu, akakaa hapo.

"Jumanne ipi, Yuditha?"

"Ya wiki iliyopita, mama."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Alipofika Jumamosi kidole kikasimama. Akakiangalia. Akahesabu kimoja zaidi.

"Jumapili nilikuuliza."

"Uliniuliza, mama."

"Ukasema amesikia."

"Nilisema."

Mzee Zakayo akaingilia, sauti ya upole kabisa. "Shemeji, ni mimi niliyemwagiza. Barabara ilikatika. Tuliogopa usije ukajua ukiwa peke yako."

Mama Erasto alimgeukia. Hakupaza sauti. "Shemeji, nimekuwa peke yangu siku tisa. Nimekaa mle ndani na mtu ambaye hayupo, namuomba radhi. Ungeniacha nijue."

Kisha akafunika uso kwa kanga, na alichosema humo ndani tulikisikia wote. Alisema, "Ndivyo nilivyomfanyia. Ndivyo hivi hivi."

*

Hatukuwa na mwili wa kuzika. Kampuni iliandika kwamba mlango wa hewa ulijifunga kabla ya wakati, na kwamba kule wanaofariki huachwa kule. Tulikaa matanga siku tatu. Nilichota maji, nilipika, nilifua, na Mama Erasto hakuniongelesha wala hakunifukuza.

Usiku sikulala, na asubuhi moja nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: nikafungua lile jibu la ghala nikasoma yale maandishi madogo mpaka mwisho. Kurasa za watu wa hapa duniani hutunzwa siku thelathini baada ya kifo. Hilo kila mtunza stoo analijua, nami nilikuwa nimelitegemea. Za wafanyakazi wa Mirihi ni siku saba. Zikipita, ukurasa unafutwa pamoja na vyote vilivyomo. Zilikuwa zimepita Jumanne, siku moja kabla wazee hawajafika. Niliandika barua kwa kampuni. Nikaandika tena. Jibu lilikuwa sentensi moja.

Siku ya nne Mama Erasto alikuja stoo mwenyewe, saa nne asubuhi, amebeba dirisha lake kifuani, na kitambaa chake kimekunjwa juu yake. Akaliweka mezani. Hakukaa.

"Bado yumo?" akauliza.

"Nakala ipo, mama. Niliizuia isiulize. Nikiiacha hivyo, inaweza kukaa. Naweza kuiacha siku zote. Hakuna atakayekagua. Utaongea nayo ukitaka, na itakujibu kama ilivyokujibu."

"Kwamba haina neno na mimi."

"Ndiyo."

Alitazama kioo cheusi.

"Aliyenisamehe sikumkosea," akasema. "Niliyemkosea hakunisikia. Huyu wako atanisamehe kesho, na keshokutwa, na nikimwambia nimemuua baba yako kwa mikono yangu atanisamehe vilevile. Sitaki, Yuditha. Mfanye aulize."

"Akiuliza ataondoka, mama. Ghala litajibu hakuna ukurasa, na nakala itafutika."

"Nimeelewa. Nilikuwa na miaka minne ya kuuliza, nikakaa nafuma."

Sikuweza kuweka kidole. Ilinibidi niseme lile lililobaki, na nilitamani ardhi inimeze kabla sijalisema.

"Mama, kuna kitu kingine. Aliacha maneno."

Akanigeukia.

"Ghala liliniambia siku ile ya kwanza. Ukurasa ulikuwa umebadilika. Kulikuwa na maneno mapya, yake mwenyewe, dakika kumi na moja. Sijui aliyasema kabla ya zamu au mle mlangoni akijua. Sijui yalikuwa ya nani. Miaka yote minne hakuwahi kuacha zaidi ya dakika moja. Ningeyachukua siku yoyote kabla ya ile Jumanne ya pili, yangekuwepo. Hata Jumapili uliponiletea viazi, yalikuwepo."

"Na sasa?"

"Hayapo. Nimeuliza kila mahali pa kuuliza."

Nilidhani atanipiga. Ningeshukuru. Alirudi nyuma hatua moja, akaitafuta ile ndoo kwa mkono bila kuitazama, akaketi. Machozi hayakumtoka, na hilo liliniumiza zaidi.

"Dakika kumi na moja," akasema. "Ni muda gani hasa?"

"Ukibandika viazi, vinakuwa havijaiva bado, mama. Maji ndiyo yameanza kuchemka vizuri."

"Basi ni maneno mengi."

"Ni mengi."

Akainuka, akalisimamisha dirisha vizuri, likatutazama. Akaketi tena, kitambaa akakiweka mapajani. Akaniashiria kwa kidevu. Nilifuta *usiulize*, nikaandika *uliza sasa*. Dirisha likawaka, na kwa mara ya mwisho uso wa Erasto ukatokea, umetulia, unataka kufungua mdomo. Stoo ikauliza. Ghala likajibu. Kioo kikawa cheupe, na katikati maneno mawili: *Ukurasa haupo*. Pale pembeni, mahali ambapo kitambaa kilikuwa kinafunika, ile taa ya njano ilizimika.

"Saa yako inafanya kazi?" Mama Erasto akauliza.

"Inafanya."

"Kaa."

Nikakaa chini, sakafuni, karibu na miguu yake. Aliegemea mbele kidogo, viwiko magotini, vile alivyokuwa akikaa kila mwanawe alipoongea. Alisikiliza. Sijui namna nyingine ya kulieleza. Kuna wakati aliitikia kwa kichwa. Kuna wakati alisema marahaba, kwa sauti ya chini. Karibu na dakika ya saba mdomo wake ulianza kutetemeka, akauziba kwa kile kitambaa, na akaendelea kusikiliza. Mimi niliangalia saa kwa sababu sikuthubutu kuangalia kingine.

Zilipotimia zile dakika kumi na moja nilimwambia. "Mama, zimetimia."

"Ngoja," akasema. Hakuondoa macho kwenye kioo. "Huwa anarudi kuaga tena."

Tukangoja.